Mtu aliyejifunza kukuza seli: Carl June na tiba ya kansa ya damu (hotuba nzima)

Kwa wale ambao hamkufika Jumamosi, hii hapa hotuba kama nilivyoiongea Mwanza mbele ya wanafunzi wa maabara na wazazi waliokuja nao. Slaidi nimeziacha, zilikuwa picha tu. Maneno ya kuongea nimeyaacha hivyohivyo, msinisahihishe Kiswahili.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi? Nimeambiwa nina nusu saa na baada yangu kuna pilau, kwa hiyo najua vizuri nashindana na nini.

Hebu niulize kwanza. Nani hapa wiki hii ameshika tyubu ya damu yenye kifuniko cha zambarau? Nyosheni mikono. Naam, karibu nusu ya ukumbi. Sasa nani kati yenu, wakati ameishika, aliwaza kwamba dawa ya huyo mgonjwa inaweza kuwa imo ndani ya hiyohiyo damu? Kimya. Basi leo nawaletea habari za mtu aliyewaza hivyo karibu maisha yake yote ya kazi, na akaja kuthibitisha. Anaitwa Carl June, yuko Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mji wa Philadelphia, Marekani. Tiba yenyewe inaitwa CAR-T, seli za kinga za mgonjwa mwenyewe zinabadilishwa ili ziue kansa, wengine mmeshaisikia, mnatumiana kwenye WhatsApp eti "dawa ya kansa imepatikana". Tutafika huko kwenye eti.

Nimemchagua yeye kwa sababu moja. Watu wakimsimulia wanarukia mwisho, wanarukia mtoto aliyepona, wanarukia tuzo. Mimi nawaambia watu wa maabara kwamba sehemu kubwa ya kazi ya huyu bwana ilikuwa kujua namna ya kulisha seli zisife. Basi. Kulisha seli. Hiyo ndo habari yangu ya leo na nitairudia mpaka mchoke.

Tuanze na alikotokea. June alizaliwa 1953. Vita vya Vietnam vilipokuwa vinachukua vijana wa Marekani, yeye akaingia chuo cha jeshi la majini kule Annapolis, akamaliza 1975, halafu jeshi likamwacha akasome udaktari Houston, Texas, akamaliza 1979. Ila kabla ya kumaliza akaenda Geneva, pale Shirika la Afya Duniani, kusoma mambo ya kinga ya mwili na, sikilizeni vizuri, malaria. Malaria! Ugonjwa wetu. Mtu ambaye baadaye atakuja kutibu lukemia, kansa ya chembe nyeupe za damu, alianza kinga ya mwili kwa kuangalia kimelea cha mbu.

Halafu 1983 jeshi likamtuma Seattle, kwenye kituo cha Fred Hutchinson, akajifunze kupandikiza uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Kwa nini jeshi la majini litake daktari wa uboho? Jiulizeni. Jibu ni bomu la nyuklia. Mionzi ikimpiga mtu, uboho ni kati ya vitu vya kwanza kufa, na ilikuwa zama za ubabe kati ya Marekani na Urusi, kwa hiyo walitaka watu wanaojua kumrudishia askari damu yake. Ni hofu ya vita ndo ilimpeleka June mahali penye mabingwa wa lukemia, haikuwa huruma kwa wagonjwa wa kansa, na mimi siioni aibu kulisema hilo, fedha za utafiti zina njia zake za ajabu.

Pale Seattle alikuwepo mzee E. Donnall Thomas, ambaye 1990 alipata Nobel kwa kazi ya kupandikiza uboho. Wenzangu wa maabara, hapa nataka tukae kidogo. Zamani watu walidhani upandikizaji unaponya lukemia hivi: unampa mgonjwa kemo, yaani dawa za kuua kansa, na mionzi mikali mpaka uboho wote ufe, wa kansa na mzima, halafu unamwekea mwingine. Ule uboho mpya ni wa kujazia tu pengo. Lakini Seattle wakaanza kuona kitu. Wagonjwa ambao seli za mtoaji ziliwashambulia mwilini, wakavimba vipele, wakaharisha, ini likasumbuka, wale waliopata taabu hiyo wakapona, lukemia ilikuwa hairudi sana. Na mgonjwa aliyepewa uboho na pacha wake wa kufanana, ambaye hapati taabu hiyo kabisa, lukemia yake ilirudi mara nyingi zaidi. Mnaona maana yake? Maana yake kemo peke yake haikuwa inamaliza kazi. Seli za kinga za mtu mwingine ndo zilikuwa zinafagia lukemia iliyobaki.

Narudia. Seli za kinga zilikuwa zinaua lukemia. Tatizo zilikuwa zinaua na ngozi na utumbo na ini humohumo, hazichagui.

June akaondoka Seattle na hilo swali kichwani: unazipataje seli zinazoua kansa halafu ziache mwili?

Mwaka 1986 akarudi jeshini, taasisi ya utafiti ya jeshi la majini pale Bethesda karibu na Washington, na kule kazi kubwa ilikuwa magonjwa ya kuambukiza. Kwa hiyo akafanya utafiti wa ukimwi. Na huu ndo moyo wa hotuba yangu, pilau isubiri.

Seli T ni chembe nyeupe za kinga, mnazijua, kwenye FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, mnaziona tu zimejumlishwa kwenye limfosaiti. Ukizitoa mwilini ukaziweka kwenye chombo hazikai. Zinalala, zinakufa. Ukiwahi kufuga vifaranga bila mama yao unaelewa ninachosema: joto lisipungue, chakula kiwepo, usafi, na bado asubuhi unakuta wamelala chali. Seli T mama yao ni seli nyingine za kinga ambazo huja kuzigusa na kuziamsha. Na zinataka kuguswa mara mbili kwa pamoja, sehemu mbili tofauti: moja inaitwa CD3, nyingine CD28. Ukigusa CD3 peke yake seli inaamka halafu inachoka. Ukigusa zote mbili inaamka na inazaana.

Sasa June na mwenzake Bruce Levine wakafanya nini? Wakachukua shanga ndogo sana, ukubwa kama wa seli yenyewe, zenye chuma ndani, wakazipaka antibodi mbili, protini za kinga zinazoshika kitu kimoja maalumu, moja inagusa CD3, nyingine CD28. Shanga ikawa mama wa bandia. Unamwaga shanga kwenye chombo, unaziacha na seli kwenye nyuzi joto 37, seli zinazaana kwa mamilioni, kisha unasogeza sumaku kubwa, shanga zote zinavutwa pembeni, unabaki na seli safi. Sumaku! Hakuna uchawi hapo.

Na likatokea jambo ambalo hawakulitegemea. Wakachukua seli T za watu wenye virusi vya ukimwi wakazikuza kwa zile shanga, wakitegemea virusi vitazaana pamoja nazo viharibu kila kitu. Haikuwa hivyo. Virusi vikawa vinapotea kwenye chombo, kwa sababu seli ikiamshwa kwa njia hiyo inapunguza ule mlango ambao virusi vinapitia kuingia, ule wa CCR5. Wakachapisha 1996. Tena mwishoni mwa miaka ya tisini wakashiriki jaribio la kuwapa wagonjwa wa ukimwi seli zao wenyewe zilizobadilishwa jeni. Haikuwaponya. Ila miaka zaidi ya 10 baadaye walipopima damu zao, zile seli bado zilikuwepo, hai. Kwa mtu wa harakaharaka hilo ni jaribio lililofeli, kwa mtu wa maabara hilo ni jibu: seli zilizokuzwa vizuri zinaweza kukaa mwilini miaka na miaka.

Mnanifuata? Kwenye ukimwi alipata njia ya kukuza. Na kwenye virusi vya ukimwi vilevile akapata na gari la kubebea. Maana virusi hivi vina kipaji kimoja, vinaingia ndani ya seli na kupachika jeni zake kwenye jeni za seli moja kwa moja. Wanasayansi wakavitoa vitu vyote vya kuleta ugonjwa, likabaki ganda linaloweza kupachika tu, ukaweka jeni unayoitaka wewe. Kila mzazi anayesikia hapa ananishtukia, najua, kila ninapoongelea hili kuna mtu ananiuliza "yani mtoto anawekewa ukimwi?" Hapana mama. Haviwezi kuzaana, haviwezi kuambukiza. Virusi vilivyotumalizia watu kanda hii yote vimenyang'anywa silaha vikafanywa wapagazi, na mimi kila nikifikiria hilo nafurahi kwa namna ambayo siwezi kuieleza.

Tuje kwenye yenyewe CAR, kile kipokezi cha bandia kinachowekwa juu ya seli T. June hakuibuni, na nataka tuwe waaminifu hapo maana kwenye mitandao anapewa sifa zote. Mwaka 1989 kule Israeli, Taasisi ya Weizmann, Zelig Eshhar na wenzake walionyesha unaweza kuunganisha kichwa cha antibodi na mkia wa kuwashia seli T. Kichwa kinatambua adui, mkia unaiambia seli ua. New York, Michel Sadelain akaiboresha na akaielekeza kwenye CD19. Memphis, Dario Campana akatengeneza aina nyingine yenye kiwashio kinachoitwa 4-1BB, na ya kwake ndo June aliitumia. CD19 ni alama iliyopo juu ya seli B, zile zinazotengeneza antibodi. Lukemia nyingi za watoto na limfoma nyingi, zile kansa za tezi, ni seli B zilizoharibika, zina CD19 juu yake. Kwa hiyo ukimpa seli T macho ya kuona CD19, inafagia seli B zote, mbaya na nzuri. Nzuri pia? Ndiyo, nzuri pia. Ila mtu anaweza kuishi bila seli B, unamchoma antibodi za watu wengine kwenye dripu. Bila ini huwezi kuishi. Ndo maana wakaanza na kansa ya damu.

June alihamia Philadelphia 1999, na mwaka huohuo, chuo hichohicho, kijana wa miaka 18 anaitwa Jesse Gelsinger alifariki kwenye jaribio la tiba ya jeni lililokuwa linafanywa na kundi lingine. Nchi nzima ikatetemeka. Nani atatoa fedha za kubadilisha jeni za watu baada ya hapo? Na nyumbani kwa June, mke wake, Cynthia, alikuwa anaumwa kansa ya ovari, akafariki 2001, ameacha watoto watatu. June amelisema hadharani mara nyingi kwamba hilo lilimsukuma kuacha kugawanya muda wake, akajitosa kwenye kansa. Siongezi chumvi hapo, kuna waliofiwa wamekaa humu wanaelewa.

Maombi ya fedha yakawa yanakataliwa. Waliokuja kumpa ni taasisi ya hisani iliyoanzishwa na wanandoa waliofiwa na mkwe wao kwa kansa ya matiti. Na fedha zilizopatikana zilitosha wagonjwa watatu tu. Watatu, jamani!

Mwaka 2010 mgonjwa wa kwanza akaja. Bill Ludwig, askari magereza mstaafu wa New Jersey, ana lukemia sugu ya limfosaiti, ile inayokwenda polepole, kemo zote zimegoma. Wakatoa seli T zake, wakazibadilisha, wakazikuza kwa shanga, wakamrudishia kwa dripu. Baada ya siku kama kumi homa ikampanda, baridi, mapigo mbio, presha ikashuka, wodi nzima ikadhani ni maambukizi ya damu na kwamba huyu mzee anaondoka. Hakuondoka. Mwezi baadaye wakachukua uboho wakaangalia kwenye maikroskopu: hakuna lukemia. Hawakuamini. Mnajua walifanya nini? Kile ambacho ningefanya mimi na wewe, walisema sampuli imekosewa, chukua nyingine. Wakachukua nyingine. Hakuna.

Bill akaishi miaka 10 na zaidi bila lukemia, akaja kufariki 2021 kwa Covid. Mgonjwa wa pili, Doug Olson, naye alipona, na mwaka 2022 wakachapisha kwamba zile seli bado zinazunguka kwenye damu yake, miaka 10 baadaye, zinalinda. Wa tatu alipata nafuu nusu. Watatu tu, lakini hesabu waliyopiga ilionyesha seli moja iliyowekwa, pamoja na uzao wake, iliua seli za kansa elfu na zaidi, na kansa iliyoyeyuka ndani ya mtu mmoja ilizidi kilo. Kilo ya kansa!

Sasa mtoto. Emily Whitehead, Pennsylvania, alipata lukemia kali akiwa na miaka 5. Ikarudi. Ikarudi tena. Aprili 2012 akiwa na miaka 6 akawa mtoto wa kwanza kupewa seli hizi, hospitali ya watoto ya Philadelphia, chini ya Dk. Stephan Grupp. Seli zikaanza kazi na mwili ukawaka moto. Homa kali, presha imeanguka, mapafu yameshindwa, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, madaktari wakawaambia wazazi hana uwezekano. June akaandika emaili kwa mkuu wake chuoni kwamba mtoto wa kwanza anakufa na jaribio limekwisha. Ameshaiandika. Hakubonyeza kutuma.

Kilichookoa pale ni kipimo cha maabara. Nasema tena kwa herufi kubwa, KIPIMO CHA MAABARA. Walipima saitokaini, zile protini ambazo seli za kinga hutumia kupeana taarifa, kwenye damu ya mtoto, na majibu yalipotoka kuna moja ilikuwa juu karibu mara elfu: IL-6. June akaitambua. Aliitambua kwa sababu binti yake mwenyewe ana ugonjwa wa yabisi ya watoto, na kuna dawa ya yabisi inayozuia IL-6, inaitwa tosilizumabu, haihusiani na kansa kabisa, na hospitali ilikuwa nayo. Wakampa usiku. Ndani ya saa chache homa ikashuka, presha ikapanda. Tarehe 2 Mei akaamka, siku ya kutimiza miaka 7, wauguzi wakamwimbia. Lukemia haijarudi mpaka leo, ni msichana mkubwa sasa.

Fikirieni ingekuwa yule wa maabara kachelewesha majibu mpaka Jumatatu. Maana tunawajua watu wa Jumatatu, wengine wamekaa mstari wa tatu pale. Msicheke.

Kwa hiyo imeponya wote? Hapana, na hapa ndo ile eti. Mtoto wa pili, msichana wa miaka 10, alipona kabisa, halafu kama miezi miwili lukemia ikarudi, safari hii bila CD19. Seli za kansa zilizokuwa na alama zikauliwa, zilizokuwa hazina zikabaki zikazaana, na zile seli T zikawa zinapita pembeni hazioni kitu. Kuna mgonjwa mwingine, hii ilichapishwa 2018 na inanikosesha usingizi, wakati wanatengeneza seli zake kulikuwa na seli moja ya lukemia imechanganyika kwenye chombo, nayo ikapachikwa ile jeni ya CAR. Moja tu. CAR ikaifunika CD19 yake mwenyewe juu ya seli, ikajificha, ikazaana, ikamrudishia ugonjwa. Seli moja kwenye chombo. Halafu mwaka huohuo ikachapishwa habari ya mzee mwingine aliyepona kwa bahati ya kinyume: jeni ilipachikwa katikati ya jeni nyingine inaitwa TET2, kwenye seli T moja, na hiyo moja ikazaana mpaka ikawa karibu jeshi zima lililomponya. Mnapofundishwa kufuta benchi na kubadilisha ncha za pipeti mnaona kama mnaonewa, si ndio?

Agosti 2017 Marekani ikaidhinisha seli hizi kama dawa, Kymriah, ya kampuni ya Novartis. Kwenye jaribio kubwa la watoto na vijana 75, asilimia 81 lukemia iliondoka ndani ya miezi mitatu, na hawa walikuwa wale ambao kila kitu kimeshindikana. Bei ilipoanza 2017? Dola 475,000. Kwa pesa yetu ni zaidi ya bilioni 1 kwa mtu mmoja. Nasikia guno hapo, gunaeni tu.

Kwa nini ghali hivyo? Kwanza haipikwi kwenye pipa ikagawanywa kwa watu elfu. Kila mgonjwa ana kundi lake, seli zake, chumba chake kisafi, vipimo vyake, wiki kadhaa za watu kukaa macho. Pili ni biashara, na mimi naamini sehemu ya bei ile ni tamaa, kwa sababu India wameonyesha. Oktoba 2023 India iliidhinisha CAR-T yao, NexCAR19, iliyotengenezwa na watu wa chuo cha teknolojia cha IIT Bombay pamoja na hospitali ya Tata Memorial, na bei ikawa kama dola 50,000. Bado ni nyingi sana. Lakini ni kama moja ya tisa. Walipunguza vipi? Walijitengenezea virusi vyao wenyewe badala ya kununua, na wakakuza seli kwa mikono ya watu wao. Kulisha seli, wenzangu, tumerudi palepale.

Na sisi? Wengi mnajua kanda hii ya Ziwa ina limfoma ya Burkitt, taya la mtoto linavimba ndani ya wiki chache, hospitali ya Bugando hapa Mwanza wanazipokea. Ni kansa ya seli B, ina CD19. Denis Burkitt aliieleza 1958 akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, na 1961 alizunguka na gari Afrika Mashariki mpaka kusini akiuliza kila hospitali ya misheni kama wanaiona, ndo akajua inafuata maeneo ya joto na mvua, yale ya malaria. Sampuli kutoka Kampala ndo zilizopelekwa London zikatoa virusi vya Epstein-Barr mwaka 1964. Kwa hiyo msiniambie sayansi ya kansa ya damu ni ya wageni. Watoto wetu wamo ndani yake tangu mwanzo, ila kama sampuli. Tena dawa ya saiklofosfamaidi, ya bei nafuu, ambayo mtoto wa Burkitt anapewa hapa na wengi wanapona wakiwahi, ndo hiyohiyo wanayompa mgonjwa wa CAR-T siku chache kabla kusafisha nafasi mwilini.

Ngazi ya kufika huko ipo na tumeshaikanyaga. Muhimbili walianza kupandikiza uboho 2021. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma 2023, kwa watoto wa selimundu. Kampala wale wa Taasisi ya Kansa wanashirikiana na Fred Hutchinson ya Seattle, palepale June alipojifunzia. Anayejua kumuunganisha mgonjwa na mashine ya kuchuja chembe nyeupe, anayejua kuhesabu seli hai, anayejua kuzigandisha na kuziyeyusha bila kuziua, huyo yuko nusu ya njia. Vijana, jifunzeni flosaitometri, ile mashine ya kutambua na kuhesabu aina za seli mojamoja. Mkipata nafasi ya kwenda hata miezi mitatu India mkakae chumba kisafi mkaoshe vyombo, nendeni. Usiulize posho kwanza. Haya, uliza, lakini iwe swali la pili.

Nilikuwa nimemaliza hapo ila kuna swali nimeliweka kwa sababu wengi mtakuwa nalo. Mama mmoja nyuma alisimama akasema, mwanangu, mimi kijana wangu ana kansa ya damu, nimesikia India, nina shamba Sengerema, niuze?

Nilimuuliza kansa ya damu ya aina gani. Akasema ya damu tu. Nikamwambia mama, naomba tusiuze kitu kabla ya kujua jina, kwa sababu CAR-T iliyoidhinishwa ni ya lukemia za seli B, ile kali na ile sugu kama ya Bill, limfoma za seli B, na maieloma, kansa ya seli za uboho zinazotengeneza antibodi. Lukemia nyingine hazimo. Akafungua pochi akatoa karatasi imekunjwa mara nne, tukaisoma pamoja pale baada ya watu kwenda kwenye chakula. Imeandikwa CML, lukemia sugu ya aina nyingine, siyo ya seli B. Hiyo inatibiwa kwa vidonge, imatinibu, na mtu akivimeza vizuri anaweza kuishi miaka mingi anafanya kazi zake. Nikamuuliza, anavyo vidonge? Anavyo. Anameza? Akanyamaza kidogo, akasema anameza, ila akijisikia nafuu anaacha.

Tukampigia kijana palepale, loudspika, mama ameshika simu. Hajaambiwa kwamba akiacha seli zinarudi na zinaweza kurudi zimezoea dawa. Kipimo chake cha BCR-ABL, kile kinachoonyesha CML imebaki kiasi gani, hajafanya muda mrefu, na mashine ya GeneXpert tunayopimia TB ina katriji ya kipimo hicho, kwa hiyo nimemwambia amuulize daktari wa kliniki yake ampangie. Kasema atakwenda Jumatano. Shamba lipo, na mama amenitumia meseji leo asubuhi kwamba mihogo imeshika.